Mwalimu Hafukuzwi kwa Minong'ono



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wa hapa Lilongwe na wa kule Dzaleka, kuna maneno yanayozunguka sana katika vikao vyetu, kwenye baraza la baada ya Ijumaa na kwenye mikutano ya wazazi. Inasemwa kwamba shule za serikali zimeharibika kwa sababu mwalimu wa serikali hafukuziki. Akishathibitishwa kazini, wanasema, basi amefika: afundishe asifundishe, aje asije, mshahara wake uko palepale. Na dawa yake wanaiona nyepesi. Mwalimu mkuu au kamati ya shule ipewe uwezo wa kumwondoa mwalimu siku ile ile anayokosea, kama mwenye duka anavyomwondoa kijana wa dukani.

Maneno haya ni matamu masikioni, na anayeyasema mara nyingi ni mzazi mwenye uchungu wa kweli. Lakini nayapinga. Nayapinga kwa sababu yakitekelezwa, wa kwanza kuumia atakuwa mtoto yule yule tunayedai kumtetea, na wa pili atakuwa mwalimu mnyonge, ambaye mara nyingi ni Muislamu mwenzetu au mkimbizi mwenzetu.

TUELEWANE KWANZA: ULINZI HUU NI NINI?

Watu wengi wanadhani ulinzi wa ajira ya mwalimu maana yake ni kwamba haondoki mpaka afe au astaafu. Sivyo. Tazameni sheria ya nchi hii tunayoishi. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000, kifungu cha 57, inasema mambo mawili. La kwanza, mfanyakazi haachishwi bila sababu ya haki inayohusu uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya kazi yenyewe. La pili, akituhumiwa kwa mwenendo au uwezo wake apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa. Kifungu cha 61 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu yake. Juu ya hapo kuna Katiba ya Malawi, ambayo kifungu chake cha 31 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini, na cha 43 kinadai kwamba uamuzi wa serikali unaomgusa mtu katika haki zake ufuate sheria na utaratibu wa haki, na apewe sababu kwa maandishi. Kwa walimu wa serikali kuna Tume ya Utumishi wa Walimu, ili kazi ya mwalimu isiwe mfukoni mwa mtu mmoja.

Someni tena. Je, ni wapi palipoandikwa kwamba mwalimu mvivu abaki? Hakuna! Mvivu anaondoka, mlevi anaondoka, asiyejua kufundisha anaondoka. Kinachotakiwa ni sababu ithibitishwe na yeye asikilizwe. Basi anayetaka kuuondoa ulinzi huu ajiulize ni kipi kati ya hivi viwili kinachomuudhi: ni sababu, au ni kusikilizwa?

HOJA YAO TUIPE HAKI YAKE

Haifai kumjibu mtu kwa kumdhania ujinga. Hoja hii imefikishwa mahakamani na watu wenye akili na mali, na kesi mashuhuri zaidi ilikuwa Marekani, katika jimbo la California. Inaitwa Vergara dhidi ya California. Wanafunzi tisa, wakisaidiwa na taasisi iliyoanzishwa na tajiri mmoja wa teknolojia, David Welch, walidai kwamba sheria za kuwalinda walimu zinawabakisha walimu wabovu kazini, na kwamba wabovu hao wanaishia kwenye shule za masikini.

Tarehe 10 Juni 2014 Jaji Rolf Treu wa Los Angeles alikubaliana nao na kuzibatilisha sheria tano. Na alikuwa na ushahidi mzito. Mwalimu wa California alithibitishwa kazini kwa uamuzi uliopaswa kutolewa kabla hata miaka yake miwili ya majaribio haijatimia. Na ushahidi mbele ya mahakama ulionyesha kwamba kumwondoa mwalimu mmoja kungeweza kuchukua miaka miwili mpaka karibu kumi, na kugharimu kati ya dola 50,000 na 450,000 au zaidi. Subhanallah! Miaka kumi ni mtoto kuingia darasa la kwanza mpaka anaota ndevu.

Hapa nasema wazi: utaratibu wa namna hiyo ni dhulma kwa mtoto. Haki inayocheleweshwa miaka kumi haimfai hata mwalimu mwenyewe.

Lakini kesi haikuishia hapo, na wanaoitaja huwa wanaikata katikati. Tarehe 14 Aprili 2016 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu ile. Majaji watatu walisema kwamba sheria hizo hazikuamua ni mtoto gani apewe mwalimu gani. Walioamua ni viongozi wa shule na wa wilaya, ndio waliowapanga walimu, na ndio waliowahamisha wabovu kutoka shule hii kwenda ile. Mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya California ilikataa kuisikiliza kesi, kwa kura nne dhidi ya tatu.

Fikirini jambo hilo. Mkubwa anayemjua mwalimu mbovu na badala ya kumfungulia shauri anamhamishia shule ya masikini, ndiye huyo huyo ambaye wenzetu wanataka aongezewe uwezo wa kufukuza bila kuulizwa. Ameshindwa kutumia dogo alilopewa kwa uadilifu, mnampa kubwa?

NANI ATAKUWA WA KWANZA KUFUKUZWA?

Wenye hoja ile wanadhani panga wanalolinoa litamkata mvivu. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi humkata aliye peke yake.

Alikuwepo mwalimu wa Kimarekani mweusi aitwaye Septima Clark, katika jimbo la South Carolina. Alifundisha kwa takriban miaka 40. Mwaka 1956 jimbo lilitunga sheria ya kuwakataza watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP, chama kilichotetea haki za watu weusi. Bibi huyu alikataa kujitoa. Akaondolewa kazini, na pensheni yake ikaenda. Hakuna aliyesema hajui kufundisha. Kosa lake lilikuwa uanachama. Jimbo lilikuja kumrudishia pensheni mwaka 1976, miaka 20 baadaye, naye alikuwa ameshakuwa mzee.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Waislamu wa Malawi ni wachache. Shule nyingi za msingi za umma nchini hapa ziliasisiwa na makanisa, na makanisa hayo bado yana sauti katika uendeshaji wake. Walimu wengi Wakristo ni majirani wema, wala sisemi vingine. Lakini chukulieni mwalimu wa kike anayevaa hijabu, yuko peke yake kati ya wenzake kumi na watano. Mkuu wa shule hampendi, na wazee wawili wa kijiji wananong'ona. Kinachomlinda mwalimu yule ni nini? Si idadi yetu, wala si fedha zetu. Ni kile kifungu kinachosema: sababu gani, na je, amesikilizwa?

Na kinyume chake ni kweli vilevile. Penye Waislamu wengi, kama Mangochi, mwalimu Mkristo naye anastahili ulinzi ule ule dhidi ya minong'ono yetu. Haki haibadilishi sura kwa kubadilika mtaa.

NA MTOTO ANAYEDHULUMIWA NA MWALIMU JE?

Hili ndilo swali zito, na mzazi anayeliuliza ana haki ya kujibiwa bila kuzungushwa. Mwalimu akituhumiwa kumgusa mtoto vibaya, tungoje utaratibu?

Jibu ni kwamba kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Kumtoa mwalimu darasani ni jambo moja, na kumwachisha kazi ni jingine. Tuhuma kama hiyo ikitoka, mwalimu atolewe mbele ya watoto siku hiyo hiyo, polisi waarifiwe, uchunguzi uanze. Hilo halivunji haki yake, kwa kuwa bado hajahukumiwa. Kinachongoja ushahidi ni hukumu.

Na tazameni Kenya. Mwaka 2010 Tume ya Kuajiri Walimu ya Kenya, TSC, ilitoa waraka namba 3 wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhulma za kingono, ukimlazimu kila anayejua jambo kuripoti. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, ikaamua katika kesi ya wasichana wawili waliodhulumiwa na mwalimu wao kwamba Tume na serikali nazo zinawajibika, na wasichana walipwe fidia. Funzo lake ni kubwa. Mwajiri anayelinda mwalimu dhalimu kwa kunyamaza au kwa kumhamisha anabeba dhambi ile mbele ya sheria. Na mtindo wa kumfukuza kimya kimya bila shauri, ili shule isiaibike, unampeleka mtu yule yule kwenye shule ya jirani akiwa na barua safi mkononi! Shauri lililoandikwa ndilo linalomfuata mkosaji kila aendako.

MWALIMU WA KIBARUA ANAFUNDISHA NINI?

Kenya hiyo hiyo imetupa somo jingine. Ilipoanzisha sekondari ya chini, maelfu ya walimu waliosomea na kusajiliwa waliajiriwa kama wanagenzi, kwa posho ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi, kwa mikataba mifupi, wakifanya kazi ile ile ya mwenzao wa kudumu katika darasa la jirani. Tarehe 17 Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya wa mahakama ya kazi aliamua kwamba Tume ilivunja haki yao ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Mwezi uliofuata wengi waligoma, na watoto wakakaa bila kufundishwa. Mwanzoni mwa 2025 walimu wapatao 46,000 waliingizwa kwenye ajira ya kudumu.

Nani alilipa gharama ya kukosa ulinzi pale? Mwalimu alilipa, na mtoto akalipa pamoja naye. Mwalimu asiyejua kama muhula ujao yupo hawezi kupanga masomo ya mwaka. Hawezi kumpa mtoto wa mwenyekiti alama anayostahili ikiwa ni mbaya. Hawezi kusema hadharani kwamba fedha za madawati hazionekani.

Na sisi wa Dzaleka tunalijua hili bila kusimuliwa. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa masharti, na moja ya vifungu ilivyoviwekea masharti ni kile cha kazi ya mshahara. Kwa hiyo mkimbizi Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda anayefundisha kambini hulipwa posho ya motisha, haitwi mwajiriwa kamili. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1994, ikakusudiwa watu wapatao 10,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Watoto wake wamefundishwa kwa miaka zaidi ya 30 na watu ambao kesho yao haikuandikwa popote. Kila mwaka walimu hodari wanaondoka, na kila mwaka watoto wanaanza upya na sura mpya. Anayesema ulinzi wa ajira ndio unaoharibu elimu, aende Dzaleka akatazame elimu isiyo na ulinzi huo!

Na kama shule za umma za Malawi zina udhaifu, sababu zake zinajulikana. Mwaka 1994 elimu ya msingi ilifanywa bure, watoto wakafurika, na serikali ikaajiri takriban watu 20,000 wasiosomea ualimu, wakapewa mafunzo ya wiki chache. Lengo la serikali ni wanafunzi 60 kwa mwalimu mmoja, na yapo madarasa mengi ambayo hayajafika hapo. Ukimfukuza mwalimu wa watoto 90 leo kwa hasira, kesho hao 90 wanakwenda kwa nani?

WANACHUONI WETU WALISHALISEMA

Kuna wanaodhani ulinzi huu ni bidaa ya vyama vya wafanyakazi wa Ulaya na Marekani. Kweli, huko Marekani sheria ya kwanza ya jimbo zima ilikuja New Jersey mwaka 1909. Lakini mafakihi wetu walilijadili karne nyingi kabla.

Katika madrasa za wakfu, mwalimu alilipwa kutokana na mapato ya wakfu. Swali likaulizwa: je, msimamizi wa wakfu anaweza kumwondoa mwalimu anapotaka? Ibn Nujaym wa Misri, aliyefariki mwaka 970 Hijria (1563), alieleza katika fiqhi ya Kihanafi kwamba mwenye wadhifa katika wakfu haondolewi ila kwa kosa au kwa kukosa sifa za kazi. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1252 Hijria (1836), akalithibitisha hilo. Tazameni: kosa, au kukosa sifa. Ndiyo sababu mbili zile zile, mwenendo na uwezo, zilizomo katika kifungu cha 57 cha Malawi!

Walilisema kwa sababu walijua yanayotokea pasipokuwa na kanuni. Ilipofunguliwa Nidhamiyya ya Baghdad mwaka 459 Hijria (1067), Abu Is-haq ash-Shirazi hakutokea siku ya ufunguzi, akawekwa Ibn as-Sabbagh, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi'i. Alifundisha siku 20 tu. Abu Is-haq alipokubali kuja, Ibn as-Sabbagh akaondolewa. Hakukosa lolote wala hakupungukiwa elimu. Wenye mamlaka walimtaka mwingine, basi.

Na kabla ya mafakihi kuna msingi wenyewe. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Na Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alipomtuma Sayyidna Ali (radhiya Allahu 'anhu) Yemen kuwa kadhi, alimuusia asikate hukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Wamelipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Je, mwalimu wa watoto wetu ana haki ndogo kuliko wagomvi wa shamba?

TUANZE NA MADRASA ZETU

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uchungu. Tunaidai serikali uadilifu, na huku katika madrasa zetu ustadh hana hata karatasi. Anawekwa kwa maneno na anaondolewa kwa maneno. Namjua ustadh mmoja, sitamtaja yeye wala madrasa yake, aliyeambiwa kwa simu usiku wa Alhamisi asije Jumamosi. Sababu hakuambiwa. Mshahara wa mwezi ule hakuupata. Watoto walipouliza waliambiwa amesafiri.

Basi nazipendekezea kamati zetu mambo haya, na hayahitaji fedha za kigeni:

1. Kila ustadh na kila mwalimat apewe mkataba wa ukurasa mmoja: saa zake, malipo yake na anayemsimamia.

2. Mwaka wa kwanza uwe wa majaribio, na asiachwe mwaka mzima bila kutazamwa. Msimamizi aingie darasani mwake angalau mara mbili na aandike alichoona. Asiyefaa aambiwe mapema, kwa adabu.

3. Malalamiko ya mzazi yaandikwe. Mzazi asiye tayari kuandika jina lake mbele ya kamati asitegemee mtu aachishwe kazi kwa ajili yake. Isipokuwa tuhuma ya kumdhuru mtoto: hiyo ipokewe kwa njia yoyote, mwalimu atolewe darasani mara moja, na polisi waarifiwe.

4. Ustadh asikilizwe, na katika kikao awepo angalau mtu mmoja asiye mjumbe wa kamati.

5. Uamuzi utoke ndani ya siku 30, kwa maandishi na sababu zake, na malipo yake yaendelee mpaka siku hiyo. Miaka kumi ya California hatuitaki, na simu ya usiku wa Alhamisi hatuitaki.

Na kwa wale mnaofundisha au kufanya kazi katika shule binafsi na maduka ya Lilongwe: mwenye kuachishwa bila haki ana miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa kazi wa wilaya. Msikae nyumbani mkilia mpaka muda ukapita.

Wazazi, endeleeni kudai mwalimu bora. Mdaini aje kwa wakati, asahihishe madaftari, asimpige mtoto, asimguse vibaya. Mdaini mkubwa wake atumie utaratibu uliopo na autumie haraka. Lakini msiombe upanga usio na ala, kwa kuwa hamjui kesho utashikwa na mkono wa nani, wala utamwelekea mtoto wa nani aliyekuja kuwa mwalimu.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) atupe uadilifu kwa tunaowapenda na tusiowapenda, awabariki walimu wa watoto wetu, na awafungulie njia ndugu zetu wa kambini. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.